Upanga, Dhamiri na Heshima ya Mtu: Kufafanua Misimamo ya Wakristo Kuhusu Vita

Mtu anayeuliza Ukristo unafundisha nini kuhusu vita hupewa majibu yanayopingana, na kila jibu huja na aya zake. Mmoja atamsomea Mahubiri ya Mlimani, ambamo Yesu anasema, "Wapendeni adui zenu", na kumhakikishia kwamba mfuasi wa Kristo hawezi kushika silaha. Mwingine atafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 13, panaposemwa kuhusu mtawala kwamba "hauchukui upanga bure", na kumwambia kwamba kuilinda nchi ni wajibu uliobarikiwa na Mungu. Wa tatu atamkumbusha habari za Yoshua na kuta za Yeriko. Akiwasikiliza wote watatu, atadhani kwamba Wakristo hawana msimamo wowote, au kwamba kila mmoja hutafuta katika Biblia kile alichokwisha kukiamua moyoni.

Hali si hiyo. Chini ya mabishano haya kuna swali moja ambalo Wakristo wamelijibu kwa namna tofauti katika nyakati tofauti: ni nani anayepaswa kujieleza mbele za Mungu, yule anayekataa kuua au yule anayeua? Katika karne za mwanzo mzigo wa kujieleza ulikuwa juu ya askari. Baadaye ulihamia kwa yule anayekataa kupigana, hadi akaonekana mwoga au msaliti. Tangu katikati ya karne ya 20 umeanza kurudi ulikokuwa, na kilichochangia sana kuurudisha ni mafundisho ya haki za binadamu, ambayo baadhi ya Makanisa yaliyapinga kabla ya kuyakubali.

Maandiko yenyewe

Agano Jipya halina amri ya wazi inayomkataza mtu kuwa askari, wala halina amri ya wazi inayomruhusu. Yesu anafundisha kwamba mtu akikupiga shavu la kuume umgeuzie na la pili, na usiku wa kukamatwa kwake anamwambia mwanafunzi aliyechomoa upanga: "Rudisha upanga wako mahali pake, maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Hata hivyo askari walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Yesu aliisifu imani ya akida wa Kapernaumu bila kugusa kazi yake, na Petro aliamuru Kornelio, akida wa Kirumi, abatizwe bila kumpa sharti la kujiuzulu. Anayesema kwamba Agano Jipya limelimaliza suala hili kwa upande wowote anasoma nusu ya kurasa zake.

Agano la Kale ni gumu zaidi, na haifai kuuficha ugumu huo. Kuna amri za kuangamiza miji mizima, na Wakristo wametumia karne nyingi kuzieleza: wengine kwa kusema zilihusu wakati mmoja tu katika historia ya wokovu, wengine kwa kuzisoma kama mfano wa vita vya rohoni, wengine kwa kukiri kwamba hawawezi kuzipatanisha na Kristo. Lakini katika Agano la Kale hilohilo kuna sheria inayokataza kukata miti ya matunda wakati wa kuuzingira mji, na kuna maono ya Isaya ya mataifa yanayofua panga zao ziwe majembe.

Sehemu ambayo, kwa maoni yangu, imesahauliwa kuliko zote katika mjadala huu ni sura mbili za kwanza za kitabu cha Amosi. Nabii anawahukumu majirani wa Israeli mmoja baada ya mwingine kwa yale waliyoyafanya vitani: Damasko kwa kuwapura watu wa Gileadi kwa vyombo vya chuma, Gaza kwa kuwachukua mateka watu wote na kuwauza, Waamoni kwa kuwapasua wanawake wenye mimba ili waongeze mpaka wa nchi yao. Kisha anaigeukia Moabu, na kosa lake ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Katika kosa hili la mwisho Mwisraeli hayumo kabisa. Taifa moja lisilomjua Mungu wa Israeli limelitendea ukatili taifa jingine lisilomjua, na bado Mungu anadai hesabu. Hapo tayari lipo wazo kwamba kuna mambo ambayo mtu yeyote hapaswi kumtendea mtu mwingine yeyote, awe adui, awe wa dini nyingine, awe hai au maiti. Mawazo ya baadaye ya Wakristo kuhusu haki za binadamu yangeweza kujengwa juu ya aya hizo peke yake, pamoja na ile ya Mwanzo inayosema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Karne za mwanzo, askari alipotakiwa kujieleza

Waandishi Wakristo wa karne tatu za kwanza waliogusa suala la jeshi kwa kirefu walikuwa na shaka kubwa juu yake. Tertullian wa Karthago aliandika kwamba Bwana alipomwondolea Petro upanga alimvua silaha kila askari. Origen, akimjibu Celsus, mwanafalsafa mpagani aliyewalaumu Wakristo kwa kutomsaidia mfalme vitani, alisema kwamba Wakristo humsaidia zaidi kwa sala kuliko wapiganaji kwa mikuki. Tarehe 12 Machi mwaka 295, huko Theveste katika nchi ambayo leo ni Algeria, kijana wa miaka 21 aliyeitwa Maximilian aliuawa kwa kukataa kuandikishwa. Liwali alipomwambia kwamba wako Wakristo wengine wanaotumika jeshini, alijibu kwamba wao wanajua linalowafaa, bali yeye ni Mkristo na hawezi kutenda uovu.

Neno la liwali lina uzito wake: ni kweli kwamba Wakristo walikuwa jeshini, angalau tangu mwisho wa karne ya pili. Na shaka ya waandishi wale haikuhusu damu peke yake. Askari wa Kirumi alitakiwa pia kushiriki sadaka na viapo vya ibada ya mfalme. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Wakristo wote wa mwanzo walikuwa wapinga vita. Lililo wazi ni kwamba Mkristo aliyevaa sare ndiye aliyeulizwa maswali.

Mambo yalibadilika haraka. Mwaka 312 Konstantino, mfalme wa Kirumi, alishinda vita karibu na Roma akiamini kwamba amesaidiwa na Kristo. Mwaka 380 Ukristo ukafanywa dini rasmi ya dola. Na mwanzoni mwa karne ya tano sheria ilitolewa ya kuwazuia wapagani wasiingie jeshini. Kanisa lililokuwa likiteswa na dola sasa lilikuwa na waumini waliobeba dhamana ya mipaka ya dola hiyo. Hata hivyo kumbukumbu ya zamani haikufa. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria, alikubali kwamba kuua vitani si sawa na mauaji ya kawaida, lakini akashauri wanajeshi waliomwaga damu wakae miaka mitatu bila kupokea Komunyo, kwa sababu mikono yao si safi. Na mwaka 390, baada ya askari wa mfalme Theodosio kuwaua raia wa Thesalonike kwa kulipiza kisasi, Ambrosi, askofu wa Milano, alimtaka mfalme huyo afanye toba mbele ya watu kabla ya kurudi mezani pa Bwana. Mfalme alitii.

Fundisho la vita vya haki na jinsi lilivyosomwa vibaya

Kwa kawaida Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, hutajwa kuwa ndiye aliyewapa Wakristo ruhusa ya kupigana. Anayemsoma kwa makini hukuta mtu mwenye huzuni zaidi ya huyo anayesifiwa. Agostino hakupendezwa na raia kumuua mtu hata kwa kujitetea mwenyewe, kwa kuwa aliona si halali kuua kwa ajili ya kuokoa kitu ambacho hata hivyo kitatutoka. Alichokikubali ni kwamba mtawala, mwenye jukumu la kuwalinda wengine, anaweza kulazimika kuuzuia uovu kwa nguvu. Alimwandikia jemadari Boniface kwamba shabaha iwe amani na vita viwe vya lazima tu, na kwamba hata anapopigana awe mpatanishi. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu anasema kwamba mtu mwenye hekima, hata akipigana vita vya haki, ataomboleza kwamba alilazimika kuvipigana.

Karne nane baadaye, mwanateolojia Thoma wa Akwino aliyapanga mawazo hayo katika masharti matatu: vita vitangazwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na vipiganwe kwa nia njema. Jambo ambalo watu wengi hawaliangalii ni mahali alipoliweka suala lenyewe. Hakuliweka katika sura ya ushujaa wala ya wajibu kwa nchi. Aliliweka katika sehemu inayohusu upendo, katikati ya dhambi zinazopingana na amani, pamoja na mafarakano, ugomvi na uasi, na swali analoanza nalo ni kama kupigana vita ni dhambi siku zote. Maana yake ni kwamba vita vinafika mbele yake vikiwa mshtakiwa, na masharti yale matatu ndiyo utetezi pekee anaoukubali. Wanateolojia waliofuata waliongeza masharti mengine: vita viwe njia ya mwisho, viwe na tumaini la kufanikiwa, madhara yake yasizidi uovu unaozuiwa, na wasiopigana wasilengwe kamwe.

Fundisho hili lilijengwa liwe kizuizi, lakini mara nyingi limetumiwa kama kibali. Mtawala huamua kwanza kwamba atapigana, kisha humwita kasisi au mchungaji aje kuonyesha kwamba masharti yametimia. Ndiyo maana ni vigumu kupata katika historia vita ambavyo wakuu wa Kanisa la nchi fulani walivitangaza kuwa si vya haki wakati nchi yao wenyewe ilipokuwa inavipigana. Udhaifu huu si wa kupuuzwa, na wanaolitetea fundisho la vita vya haki wanapaswa kuukabili kwa uaminifu: kipimo ambacho karibu hakijawahi kuvikataa vita vya mwenye kukishika kinatia shaka, hata kama kimeandikwa vizuri.

Vita vitakatifu ni jambo jingine

Wengi huchanganya vita vya haki na vita vitakatifu. Tofauti yake ni kubwa. Katika vita vya haki, kuua kunabaki jambo la kusikitisha linalovumiliwa kwa sababu ya ulazima. Katika vita vitakatifu, kuua kunageuka kuwa ibada. Badiliko hilo linaweza kuonekana katika kizazi kimoja tu cha Ulaya ya magharibi. Miaka michache baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambavyo Wanormandia waliwashinda Waingereza, maaskofu wa Normandia waliweka malipizi kwa wapiganaji walioshinda, tena waliopigana chini ya bendera iliyoaminiwa kuwa na baraka za Papa: mwaka mmoja wa toba kwa kila mtu waliyemuua. Mwaka 1095, huko Clermont, Papa Urbano wa Pili aliitisha safari ya kuikomboa Yerusalemu, na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, ukaamua kwamba atakayekwenda kwa ajili ya ibada tu, safari yenyewe itahesabiwa kuwa malipizi yake yote. Ndani ya miaka thelathini hivi, kitu kilichodai toba kikawa ndicho toba. Yerusalemu ilitekwa mwaka 1099 kwa umwagaji mkubwa wa damu ya Waislamu na Wayahudi, na mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba waliuteka na kuupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao.

Si jambo la kale peke yake. Mwaka 2000 Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lilipitisha hati ya mafundisho ya kijamii inayotamka kwamba vita ni uovu, hata pale vinapokuwa vya lazima. Tarehe 27 Machi 2024, Baraza la Dunia la Watu wa Urusi, linaloongozwa na Patriaki Kirill, mkuu wa Kanisa hilo, lilitoa waraka unaoviita vita vya Ukraine vita vitakatifu. Wapo wanateolojia wa Kiorthodoksi, kutoka nchi mbalimbali, waliokuwa wameyakana mafundisho ya namna hiyo tangu Machi 2022 na kuyaita uzushi. Ni sawa kwamba wao ndio walikuwa wa kwanza kusema, kwa maana mapokeo yanayochafuliwa ni ya Basili, nayo ni mapokeo yao.

Wanaokataa upanga kabisa

Mwezi Februari 1527, kundi la Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, lililokutana Schleitheim, karibu na mpaka wa Uswisi na Ujerumani, lilikubaliana kwamba upanga umewekwa na Mungu kwa ajili ya dunia, lakini uko nje ya ukamilifu wa Kristo, kwa hiyo Mkristo hautumii. Kutokana na mkondo huo walitokea Wamenoni. Nchini Uingereza, Wakweka, wanaojiita Marafiki, walimwandikia mfalme mwaka 1660 wakikana vita vyote na silaha zote. Makundi haya yalilipa gharama kubwa: yalifungwa, yalifukuzwa, wengine walichomwa moto au kuzamishwa majini na Wakristo wenzao, Wakatoliki kwa Waprotestanti.

Lawama inayotolewa mara kwa mara ni kwamba mtu wa namna hii huokoa usafi wake mwenyewe na kumwacha jirani auawe. Reinhold Niebuhr, mwanateolojia wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mpinga vita, aliisema lawama hiyo kwa nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na haiwezi kujibiwa kwa wepesi. Lakini ni haki pia kuangalia kile ambacho Makanisa haya yalikifanya pale yalipokataa kupigana. Mwaka 1688, Wakweka wa Germantown, katika koloni la Pennsylvania, waliandika hati ya kupinga utumwa zaidi ya karne moja kabla ya Uingereza kuipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Mwaka 1947 mashirika mawili ya Wakweka yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwahudumia waathirika wa vita wa pande zote. Nao weusi wa mji wa Montgomery, kusini mwa Marekani, wakiongozwa na mchungaji Mbaptisti Martin Luther King Jr., walisusia mabasi ya mji kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955 bila kumpiga mtu, hadi ubaguzi katika mabasi hayo ukaondolewa kwa amri ya mahakama. Kukataa silaha na kukaa kimya ni vitu viwili tofauti.

Kati ya msimamo huu na ule wa vita vya haki amesimama mtu ambaye hawezi kuwekwa kwa urahisi upande wowote. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, alihubiri amani waziwazi mwaka 1934, kisha baadaye akajiunga na waliokula njama ya kumwondoa Hitler, na akanyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Hakudai kwamba kuua kulikuwa kumegeuka kuwa haki. Katika maandishi yake ya maadili anafundisha kwamba mwenye kuwajibika kwa ajili ya wengine anaweza kulazimika kubeba hatia na kumwachia Mungu hukumu. Wako wanaomtaja kama mfano wa vita vya haki. Nadhani wanamkosea, kwa kuwa yeye alikataa kabisa faraja ambayo fundisho hilo linaweza kuitoa.

Haki za binadamu zinaingia

Kuhusu haki za binadamu, historia ya Makanisa ina pande mbili, na hakuna upande unaofuta mwingine. Mwaka 1452 Papa Nikola wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwateka na kuwatia utumwani Waislamu na wapagani. Desemba 1511, katika kisiwa cha Hispaniola, mtawa Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbarani na kuwauliza walowezi wa Kihispania kuhusu wenyeji waliokuwa wakiwatumikisha hadi kufa: "Je, hawa si watu?" Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alitamka kwamba wenyeji hao hawapaswi kunyang'anywa uhuru wao wala mali zao. Miaka miwili baadaye mwanateolojia Francisco de Vitoria, akifundisha Salamanca, Hispania, alisema jambo ambalo lilikuwa zito sana kwa wakati wake: tofauti ya dini si sababu ya haki ya vita, wala kupanua himaya si sababu ya haki. Mdominiko mwingine, Bartolomé de las Casas, aliyatetea mawazo ya namna hiyo huko Valladolid mwaka 1550 na 1551. Dola, hata hivyo, iliendelea na ushindi wake.

Haki zilipotangazwa na Mapinduzi ya Ufaransa, Roma iliziona kama uasi. Papa Pio wa Sita alizilaani mwaka 1791, na mwaka 1832 Papa Gregori wa 16 aliuita uhuru wa dhamiri wazimu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti na ya Kiorthodoksi nayo yalikuwa na mashaka, na baadhi yanayo hadi leo, yakihofu kwamba lugha ya haki humfanya mtu asahau wajibu na kumweka mahali pa Mungu. Hofu hiyo si ya kijinga. Lakini imetumiwa mno na wenye nguvu kuwanyamazisha wasio na nguvu, kiasi kwamba anayeitoa leo anapaswa kwanza kueleza anamlinda nani.

Vita viwili vya dunia ndivyo vilivyobadilisha fikra. Azimio la Haki za Binadamu lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948 si hati ya Kikristo. Halimtaji Mungu, na walioliandika walitoka katika dini na falsafa nyingi. Hata hivyo Charles Malik, Mworthodoksi wa Lebanoni, alikuwa miongoni mwa waliokuwa na mchango mkubwa katika kulitunga, na Frederick Nolde, Mlutheri aliyewakilisha Makanisa, alipigania ibara ya 18 inayolinda uhuru wa kufikiri, wa dhamiri na wa dini. Mwaka huohuo, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lilipoundwa huko Amsterdam, lilitamka kwamba vita kama njia ya kumaliza migogoro havipatani na mafundisho na mfano wa Bwana wetu Yesu Kristo. Kanisa Katoliki lilifika baadaye: mwaka 1963 Papa Yohane wa 23 aliandika waraka kuhusu amani duniani uliojengwa juu ya haki za mtu, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliukubali uhuru wa dini ambao Gregori wa 16 alikuwa ameukataa.

Kilichobadilika hapa ni mahali pa kuanzia. Fundisho la zamani lilianza na mtawala: ana ruhusa ya kufanya nini? Fundisho la haki linaanza na mtu: anastahili nini, hata kama ni raia wa nchi adui? Swali likishaanza na mtu, mauaji ya miji mizima hayawezi tena kuhesabiwa kuwa bei ya ushindi. Mtaguso ulitamka kwamba tendo lolote la vita linaloangamiza bila kubagua miji mizima na wakazi wake ni uhalifu dhidi ya Mungu na binadamu. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 20 tu tangu mabomu ya nyuklia yaangushwe Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 2019, akiwa Hiroshima, Papa Fransisko aliongeza kwamba si matumizi tu ya silaha za nyuklia yaliyo maovu, bali hata kuwa nazo.

Afrika ya Kusini ilionyesha jinsi mafundisho yanavyoweza kusimama pande zote mbili za mstari. Wanateolojia wa Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo waliupa ubaguzi wa rangi utetezi wa Biblia. Mwaka 1982, mjini Ottawa, Muungano wa Ulimwengu wa Makanisa ya Matengenezo uliutangaza utetezi huo kuwa uzushi, na mwaka 1985 wanateolojia wa nchini humo walitoa waraka wa Kairos, wakilishutumu Kanisa linalohubiri upatanisho kabla ya haki. Amani isiyo na haki, walisema, ni amani ya uongo.

Haki zinapokuwa sababu ya vita

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuliko wote wanavyotaka. Haki za binadamu huzuia vita, lakini pia zinaweza kuviita. Mwaka 1994, nchini Rwanda, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo, huku mataifa yenye uwezo yakiwaondoa raia wao na kuwaacha wengine. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Baada ya Rwanda, na baada ya mauaji ya Srebrenica, nchini Bosnia, mwaka 1995, Wakristo wengi waliokuwa wameelekea kukataa vita vyote walijikuta wakiuliza kama kukataa huko hakuwaachi wanyonge mikononi mwa wauaji. Mwaka 2005 viongozi wa dunia katika Umoja wa Mataifa walikubali kwamba jumuiya ya kimataifa ina wajibu wa kuwalinda watu dhidi ya mauaji ya kimbari pale serikali yao inaposhindwa.

Lakini lugha hiyohiyo ya kulinda hutumiwa na wenye nguvu kuficha nia zao, na makombora hayachagui. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliandika kwamba kwa silaha za leo ni vigumu sana kutumia tena vigezo vya zamani vya vita vya haki, kwa kuwa hatari zake huenda daima zikazidi faida inayodaiwa. Wengine, hata ndani ya Kanisa lake, hawakubaliani naye, wakisema kwamba anayeshambuliwa ana haki ya kujitetea na kwamba vigezo hivyo ndivyo vinavyotuwezesha kumtofautisha mshambuliaji na anayeshambuliwa. Mimi naona hoja yao ni ya kweli, na naona pia kwamba haiondoi onyo la Papa.

Njia ambayo haipati sifa inayostahili ni ile ndefu ya upatanishi. Vita vya Msumbiji vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya zaidi ya miaka miwili ya mazungumzo yaliyoandaliwa na Jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la waumini wa kawaida wasio na jeshi wala fedha nyingi. Hawakuanza kwa kuuliza nani ana haki ya kupigana. Waliuliza ni kipi kinachowaunganisha waliokaa pande mbili za meza.

Haki ambayo haijakamilika

Limebaki suala moja, ambapo msimamo kuhusu vita na haki za binadamu hukutana katika mtu mmoja. Vitoria alifundisha kwamba raia akisadiki kwamba vita fulani si vya haki, hapaswi kuvipigana hata mfalme akimwamuru. Franz Jägerstätter, mkulima Mkatoliki wa Austria, alifanya hivyo hasa. Hakukana vita vyote. Alikana vita vya Hitler. Padre na askofu wake walijaribu kumshawishi afikirie familia yake, na tarehe 9 Agosti 1943 alikatwa kichwa. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 2007.

Sheria za nchi zimekwenda mbele tangu wakati huo. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri dhidi ya Armenia, ilikubali kwamba kukataa utumishi wa kijeshi kwa sababu ya dhamiri kunalindwa na uhuru wa dini. Lakini ulinzi huo kwa kawaida humfikia yule anayekataa vita vyote, kama Mmenoni au Mkweka. Mwaka 1968, vita vya Vietnam vikiendelea, maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliomba sheria imlinde pia anayekataa vita fulani tu kwa sababu anaviona si vya haki. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria haimlindi mtu huyo. Hivyo askari anayeamini kile hasa ambacho Thoma na Vitoria walifundisha, ambaye yuko tayari kupigana vita vingine na dhamiri yake inakataa hivi, katika nchi nyingi hana pa kuipeleka dhamiri hiyo isipokuwa mahakama ya kijeshi.